Mlio wa Kutuliza Watu

Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika nyumbani kwangu. Nasema nyumbani kwangu kwa sababu kwa wakubwa hakuna kilichoharibika. Wao siku hiyo walijisifu kwamba watu wameongea sana.

Mke wangu alikuwa na pumu tangu ujana wake, na tulikuwa tumeizoea kama watu wanavyomzoea mpangaji mkorofi. Inakuja, anavuta pampu yake, inaondoka. Asubuhi hiyo alikuwa anaanua nguo, akaingia ndani na shuka begani, akajitupa kwenye kochi ambalo lilikuwa halijavishwa kitambaa. Mimi ni fundi wa makochi, na kwangu hakuna kochi lililokamilika, yote ya watu. Akavuta pampu, akavuta tena, haikumsaidia. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikashika simu, nikapiga namba ya gari la wagonjwa.

Ikalia.

Hapo ndipo penyewe. Ililia vizuri kabisa, ule mlio wa polepole wa simu iliyofika mahali na inangoja mkono wa kuinyanyua. Nami nilikuwa na sababu nyingine ya kutulia. Kituo cha kupokea simu za wagonjwa, pale hospitali kuu, ndiko anakofanya kazi binti yetu mkubwa, na alikuwa zamu ya asubuhi. Simu yake ya mkononi nisingempata nayo, huko huzifungia kwenye kabati la mlangoni mpaka zamu iishe, ndiyo sheria yao. Lakini hii ya kituo nilijua italia mezani kwake, na kama si kwake basi kwa mwenzake. Mke wangu akanyoosha kidole mlangoni. Ng'ambo ya ukuta wetu anakaa muuza kuku mwenye pikapu, na pikapu ilikuwapo, paa lake nilikuwa naliona dirishani.

"Ngoja," nikamwambia mke wangu, "inalia."

Ikaendelea kulia. Ikakatika yenyewe, nikapiga tena, ikalia tena. Ingeniambia imejaa, ingenipa ule mlio wa haraka haraka wa kumfukuza mtu, ningeitupa huko nikaruka ukuta. Haikunifukuza. Ilinikaribisha, ikanikalisha.

Muuza kuku alikuja mwenyewe aliposikia napayuka. Tulimpakia mke wangu nyuma ya pikapu, katikati ya matenga matupu, manyoya ya kuku yakituruka usoni. Alikata roho kabla hatujaliona geti la hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na simu nikiwa nimeibana kwa bega sikioni. Bado inalia.

Tulipomaliza kuzika na watu walipopungua, nilimweka kitako binti yangu mbele ya shangazi yake, yaani dada yangu. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema mezani kwake. Nikamuuliza kama aliinuka, kama alikuwa anapiga soga na wenzake, kama alisinzia. Yote akakana. Alisema hakwenda hata msalani.

"Baba, haikulia," akasema. "Naapa kwa huyu tuliyemlaza leo."

Nikamwambia asimwapie marehemu uongo. Nimesikia kwa sikio langu, na sikio langu si la kuazima. Niliongeza na maneno mengine, ambayo dada yangu anayo yote kichwani na hunisomea kila akipata nafasi. Binti akakunja nguo zake, akahamia kwa shangazi yake. Kwangu hakukanyaga tena. Nikabaki na makochi ya watu.

Sikusoma sana, niliachia darasa la tano, lakini hesabu hii ilikuwa nyepesi: mimi nimesikia inalia, yeye anasema haikulia, basi mmoja wetu ni mwongo. Na mimi sikuwa mwongo. Nilikuwa nimempoteza mke, na sasa nilikuwa napoteza mtoto aliye hai. Nikaanza kwenda kuuliza, ili nijue nimzike na yeye moyoni au nimrudishe nyumbani.

Hospitali, daktari mkuu hakuonekana. Katibu wake alinieleza, kwa ule upole wa mtu aliyeeleza jambo hilohilo kwa wengi, kwamba siku hizi simu za kituo si zile za waya za zamani. Ni simu za mtandao, zinapita kwenye kompyuta za kampuni fulani, basi niende kampuni. Kampuni wakasema mteja wao ni hospitali, mimi si mteja, basi niende hospitali. Nikarudi. Hospitali wakasema mwenye mitambo ndiye anayeijua mitambo yake. Wakanipiga danadana, huyu kwa goti, yule kwa kichwa, na kila niliyemfikia alinipa pole. Pole zao zingejaza mto. Wakubwa wa siku hizi wamejifunza kusema pole kama mbwa alivyojifunza kutikisa mkia, haimaanishi kwamba ameacha kuiba nyama.

Mara ya mwisho kwenda kampuni nilikuta kwenye kioo cha mlango wamebandika tangazo, msichana anacheka na simu sikioni: leo ongea bure, kutwa nzima. Ndani kuna marumaru, kiyoyozi, na viti vya wageni ambavyo fundi wake alistahili kufungwa, sponji nyembamba kama chapati. Nyuma ya kaunta wamekaa mabinti watatu wenye hedifoni kichwani. Ukutani, juu yao, kuna namba ya huduma kwa wateja, kubwa kama jina la duka.

Nikaeleza shida yangu kwa yule wa katikati. Akasema mkurugenzi haonwi bila miadi. Nikamuuliza miadi inapatikana wapi.

"Piga namba hiyo, mzee wangu," akasema, akanyoosha kalamu ukutani.

Nikauliza namba hiyo anaipokea nani. Akasema wao, hao hao watatu. Nikamwambia basi si anipe miadi tu, mdomo wangu huu hapa na sikio lake lile pale. Akasema utaratibu ni utaratibu. Nikaona isiwe taabu, ukimkuta mwendawazimu anacheza ngoma mpigie makofi. Nikasimama palepale mbele yake, nikapiga.

Ikalia.

Ulikuwa mlio uleule. Nikamtazama yule binti. Alikuwa anaangalia kucha zake. Wa kushoto anakunywa maji, wa kulia anafuta kioo cha kompyuta kwa kiganja. Nikamuuliza mbona hapokei. Akasema hakuna simu iliyoingia. Nikaifungulia spika simu yangu, nikailaza juu ya kaunta, katikati yake na mimi. Ikawa inalia mbele ya pua yake, na ya kwake kimya kama kaburi, hata kitaa chake hakikuwaka. Akaitazama yangu, akaitazama ya kwake. Akavua hedifoni akazitikisa, kama mtu anayetikisa saa iliyosimama.

"Kwangu haijafika," akasema polepole.

Mlinzi akaja akanishika mkono. Sikubishana naye. Pale kwenye kaunta sikuwa namwona binti wa kampuni tena, nilikuwa namwona wangu, na sare yake, na meza yake.

Fundi mmoja wa mitambo alikuwa anapita na kikombe cha chai, kijana mrefu mwembamba ambaye wenzake humwita Antena. Aliziona zile simu mbili, akaelewa. Akamwambia mlinzi aniache, akanipeleka kwenye ngazi za nyuma, tukakaa hapo na ndoo za wafagiaji.

Nilimsimulia ya ile Jumanne, akanieleza kwa lugha ya kibinadamu. Simu ya mtandao haiendi moja kwa moja kwa unayempigia. Inafika kwanza kwenye kompyuta kubwa, wao wanaiita seva, nayo ndiyo inayouliza unamtaka nani na kukupeleka kwake. Kampuni ina seva mbili zinazogawana mzigo. Ile Jumanne walikuwa wameizima moja waibadilishie programu, mchana kweupe, na siku hiyohiyo watu wa matangazo wakatangaza kuongea bure. Hawa hawakuwaambia wale, wale hawakuwaambia hawa. Mji mzima ukaiangukia seva moja. Na leo je, nikamuuliza. Akasema leo zinafanya kazi zote mbili, ila bure ni bure, zimeelemewa vilevile.

Nikamwambia haya, kuelemewa nakuelewa, hata punda huelemewa. Lakini punda akielemewa hulala chini, kila mtu akaona. Mbona hii inadanganya? Kwa nini isiseme imejaa?

Antena akapuliza chai ambayo haikuwa na moto tena.

"Mzee, mtu ukimwambia imejaa anakata, halafu anapiga tena. Na tena. Watu elfu wanakuwa elfu kumi, seva inazama kabisa. Ukimpa mlio, anatulia. Anasubiri. Ndipo na sisi tunapata nafasi ya kupumua."

Neno hilo la kupumua alilisema yeye mwenyewe, sikumtia mimi mdomoni. Na huo mlio, nikamuuliza, unalia wapi? Akasema haulii popote. Seva inakuchezea wewe tu, sikioni mwako, mpaka nafasi ipatikane. Huko unakopiga hawana habari nawe.

Simu za wagonjwa nazo zimo humo? Alisema zilitakiwa ziwe na njia yake, zisipangwe foleni moja na watu wanaobembelezana bure na wachumba. Mafundi waliliomba hilo, wakaambiwa litaangaliwa baadaye. Nani aliwaambia? Kikao. Na mlio nani aliuwasha? Yeye, kwa mkono wake, lakini aliagizwa. Na nani? Kikao. Nikamwambia kikao hakina mdomo, mdomo ni wa mtu. Akainuka, akasema ana watoto wawili na mama mzazi, na kwamba hakuniona. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu. Alinifungulia mlango, akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Umepotea nyumba," akasema. "Hapa wanakaa waongo."

Nikamwomba anipishe. Binti yangu alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini. Hakuinua kichwa.

"Haikulia," nikamwambia.

"Nilikwambia, baba."

"Waliniwekea mlio."

Akaisimamisha pasi. Nikamweleza yote, akanisikiliza pengine kama anavyowasikiliza wagonjwa, bila kunikatiza. Nilipofika kwenye ile simu juu ya kaunta alikaa chini, juu ya sare aliyokwisha kuinyoosha, akaniuliza hiyo ilikuwa lini. Nikasema leo. Akauliza tena, leo hii? Nikasema asubuhi hii. Mimi nilidhani ananionea huruma kwa mizunguko. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaondoka kwenye msiba wetu na kuingia kwenye misiba ya watu wengine. Dada yangu akaniwekea chai mbele yangu bila kunitazama, jambo ambalo kwake ni sherehe.

Kesho yake binti yangu alifika kazini, akakaa mezani, akakataa kuvaa hedifoni mpaka wakubwa wamwone. Wenzake wa zamu wakavua za kwao. Mimi nilizunguka wiki na wiki sikuona hata kivuli cha mkubwa, lakini hao wakubwa wote walipatikana kabla chai ya saa nne haijaiva. Kumbe wanapatikana, tatizo lao ni nani anayewaita.

Binti akatuma niitwe, tukaingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji. Upande huu daktari mkuu, upande ule mkurugenzi wa kampuni na tai yake, na Antena kasimama ukutani kama koti lililotundikwa. Mkurugenzi akanipa pole. Akasema siku ile ilikuwa na changamoto, na mfumo ulijiongoza wenyewe kulingana na mzigo. Daktari mkuu akasema hospitali ilinunua huduma kwa nia njema na kuamini ilichoambiwa. Wakarushiana hivyo kwa adabu, mheshimiwa huyu, mheshimiwa yule, mpaka nikapandwa na hasira. Nikauliza nani aliagiza watu wawekewe mlio.

"Ni mfumo, mzee," akasema mkurugenzi.

Nikamuuliza mfumo huo ni mtoto wa nani, nikamwone baba yake. Mkurugenzi akatoa wazo kwamba, kwa kuguswa na msiba wangu, kampuni inipatie simu mpya yenye maongezi ya bure ya mwaka mzima. Nikamwambia yule niliyekuwa naongea naye ndiye niliyemzika. Daktari mkuu akaanza kukunja miwani yake, kikao kinaisha hivyo, wakubwa wanainuka, na mimi nimerudi palepale na pole zangu.

Binti yangu ndiye aliyewarudisha kwenye viti. Aliuliza kwanza kama mlio ule bado upo. Mkurugenzi akamtazama Antena, Antena akalitazama zulia. Hapo akasimama, hedifoni zake mkononi, akawauliza swali moja la kazini tu, kwa sauti ya chini kabisa. Wamekaa vikao vingine tangu hapo, nasikia, na mpaka naandika haya hakuna mtu aliyemjibu.

"Waheshimiwa, sasa hivi narudi mezani. Simu yangu ikinyamaza, nijue kwamba hakuna anayeumwa, au nijue kwamba kuna mtu anaisikia inalia?"