Ndizi Nilizofundishwa na Darasa la Sita

Dada Sophia, shikamoo, na kaa chini kwanza! Unakumbuka ile semina ya walimu wa Kiingereza pale Moshi mjini? Walituambia tuache kuhubiri, watoto ndio waongee. Basi leo mkufunzi wetu, mama Evelyn, kapanda mpaka Mwika kunikagua. Darasa likikaa kimya, cheti sipati.

Na hawa wangu, kwa Kiingereza huwa hawafungui mdomo! Nikainua chane ya ndizi niliyonunua sokoni, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba hizi ni za kupika. Kimya. Mara Eliakim akaruka: "No, madam! Beer!"

Darasa likalipuka. Bernadetha akasimama kunieleza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, bibi yake anavyozichemsha kutengeneza mbege. Mwenzake akambishia, mbona umesahau ulezi? Mimi, ambaye kwetu pombe haiingii, nikakaa kwenye dawati kusikiliza. Kengele ikalia, hawataki kutoka!

Mama Evelyn akaninong'oneza, "Mwalimu Shamsia, huo ujanja wa kujifanya hujui ndizi umeutoa wapi?"

Nikacheka tu, dada. Cheti ninacho, na ndizi bado sizijui!