Baruti Kwenye Kopo Lisilo Lake

Jumamosi asubuhi nilikuwa napangusa ile meza tunayojazia risasi bandani, nikainua kopo dogo la baruti nikaona ni jepesi. Nikalitikisa. Karibu tupu. Nikajiambia haiwezekani, maana Alhamisi nilipomaliza kumjazia Babu risasi zake za kupigia mbweha, baruti iliyobaki kwenye kipimo niliirudisha. Kuirudisha nakumbuka. Kopo lipi, sikumbuki.

Kopo kubwa lilikuwa pembeni.

Babu ana sheria moja tu kwenye meza ile: kopo moja kwa wakati, lingine liwe kabatini. Alhamisi niliyaacha yote mawili mezani, kwa uvivu wa kutembea hatua nne. Baruti ya kopo dogo inaungua haraka, ni ya bunduki ndogo ya Babu. Ya kopo kubwa inaungua taratibu, ni ya bunduki ndefu ya kaka yangu Lachlan. Ukiitia ya haraka kwenye bunduki ndefu, inaweza kukupasukia usoni. Na zote ni nyeusi, punje zake kama majani ya chai.

Ijumaa Lachlan alijaza risasi arobaini kutoka kopo kubwa. Mimi ndiye nilikuwa nampa maganda matupu ya kujazia. Alikuwa anaimba. Risasi ya dukani ni dola nne, ya kwetu haifiki mbili, na tangu mvua igome na pesa kuisha shambani, bila meza ile asingekuwa anafanya mazoezi kabisa. Kabla ya kumimina alilitikisa kopo vizuri, kwa hiyo sasa hakuna risasi hata moja ambayo ungeweza kusema hii salama.

Nilimpigia simu, maana alikuwa ameshaondoka nazo kwenda kufanya mazoezi. Kule uwanja wa shabaha hakuna mtandao, na nilijua hakuna, nikapiga tena. Babu alikuwa ameenda na pikapu mnadani kuuza kondoo. Nikachukua pikipiki ya magurudumu manne nikafuata uzio, kilomita nane. Mageti matatu niliyaacha wazi. Njiani nasikia milio, mmoja mmoja, na kila ukilia nasubiri ufuate mwingine.

Bendera nyekundu ilikuwa juu, maana yake watu wanapiga. Walikuwa sita, wamelala kifudifudi kwenye mikeka, masikio wameziba. Lachlan alikuwa wa mwisho kulia. Alikuwa anapiga bolti ya bunduki, kile chuma cha kufungia risasi ndani, kwa kiganja ifunguke, haitaki, na risasi nyingine ameshaishika mkono wa kushoto.

"Lachie, hiyo bunduki au geti la kwenu?" Mzee Clarrie wa mkeka wa jirani akamwambia. "Ipige teke."

"Joto tu, Mzee. Nilianza na za wiki iliyopita, zikatoka vizuri. Hizi mpya tatu ndiyo zinakaza."

"Umezipika mwenyewe?"

"Nyumbani. Tamu kuliko za dukani."

Wakacheka. Bolti ikaachia kidogo.

Uwanjani yeyote anaruhusiwa kupiga kelele ya kusimamisha, hata mtoto. Neno moja tu, simama. Nilifungua mdomo. Mimi darasani hata nikijua jibu siinui mkono, na wale wanaoniita Bubu wameshazoea. Nilifungua mdomo na haikutoka hata pumzi.

Bolti ikafunguka. Akalitupa lile ganda tupu bila kuliangalia, akatia risasi nyingine.

Basi nikatembea. Nikapita pembeni ya mkeka wake, nikavuka mstari mweupe, nikasimama mbele ya bunduki yake, kwenye majani.

"Simama! Simameni wote!" Bi Noelene, msimamizi, alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Bolti wazi! Mikono juu!"

Lachlan alitoa risasi, akaweka bunduki chini. Alikuja akanishika bega akanirudisha nyuma ya mstari kama anavuta ndama.

"Una wazimu, Bron? Unataka kufa?"

Bi Noelene akafika, mweupe usoni. "Binti, miaka ishirini na sita sijawahi kuona mtu anavuka mbele ya bunduki. Msimu huu hukanyagi hapa. Sasa niambie kwa nini."

Wote wananiangalia.

"Baruti," nikasema.

"Nini? Ongea."

"Nimechanganya baruti. Alhamisi. Ya Babu imeingia kwenye kopo lake." Nikamwonyesha Lachlan. "Zote mpya. Hizi zote."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Clarrie aliinama, akaokota lile ganda kwenye majani, akaligeuza kitako. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti pale katikati, ilikuwa imelala bapa, na pembeni yake pana masizi meusi.

"Hili limeshaanza kuvujisha moto nyuma," akasema taratibu. Akampa Lachlan.

Lachlan alipitisha kidole kwenye yale masizi. Halafu akachukua ile risasi aliyoitoa, akaiweka juu ya mkeka, mbali na mkono wake.

"Ungeniita, Bron."

"Sauti haikutoka."

"Ningeipiga."

"Najua."

"Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kifyatulio." Alikaa chini kwenye vumbi, miguu mbele kama mtoto. "Nikajiambia nikimaliza hizi tano ndiyo nitaangalia kwa nini inakaza."

Bi Noelene alikuwa anakusanya risasi zetu moja moja kwenye ndoo ya maji. Lachlan alikuwa ameshika mkono wa sweta yangu, anauvuta, hauachii. Na mimi nilikaa pale karibu yake, nasikia ndoo inalia kila inapoingia moja.