Jina Ambalo Rosaline Hakulitafuta

Mama Gathoni hakuomba dawa tena. Aliomba jambo moja tu kabla hajafumba macho: kujua kama Ngige, mwanawe wa kwanza, alimsamehe baba yake. Mzee Gathii mwenyewe alikuwa ameshazikwa nyuma ya nyumba yao Endebess, na miaka yake ya mwisho aliimaliza akikodolea macho lango. Yeye ndiye aliyemfukuza kijana kwa ugomvi wa shamba, akatamka mbele ya majirani kwamba hana mtoto wa jina hilo. Ngige akachukua begi lake akaenda, na hakupiga simu hata siku moja.

Kazi ya kumtafuta ikamwangukia Rosaline, dada mtu, na Rosaline si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Kila siku ya soko aliposhuka Kitale alipitia kwa Linet, mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na stendi. Alikuwa akidhani mtandao wote una mlango mmoja wa kuulizia.

"Si ziko nyingi, auntie," Linet alimwambia. "Hii inatafuta kila kitu. Hii inaenda kuuliza zile zingine, alafu inakuletea majibu yote pamoja. Hii ni ya picha, unaiwekea sura inatafuta sura kama hiyo. Na hii ni ya video peke yake."

Akaijaribu mitambo hiyo yote ya kutafutia. Mtambo ule mkubwa ulimletea Ngige wakili, Ngige mchungaji na Ngige muuza matairi. Ule wa kuuliza wenzake ukamletea walewale, wamepangwa upya. Ule wa picha, alipoupa picha ya Ngige akiwa kijana, ukamwonyesha wanaume kibao waliovaa mashati ya kola kubwa. Ungecheka, kama si mama aliyekuwa akisubiri nyumbani. Miaka ikayoyoma hivyo.

Siku moja, akimkanda mama miguu, wazo likamjia. Kwao mtoto hapewi jina la kuokota. Mvulana wa kwanza huchukua la babu yake mzaa baba, msichana wa kwanza la bibi yake mzaa baba. Ikiwa Ngige ana watoto, basi majina ya nyumba hii yapo huko aliko. La baba hakulifikiria hata kidogo. Nani amwite mwanawe kwa jina la mtu aliyemkana? Kesho yake alikwenda kwa Linet, akauandikia mtambo wa video jina la mama pamoja na la kaka yake: Gathoni Ngige.

Ilitokea kwaya ya kanisa moja la Misikhu. Msichana aliyeongoza wimbo, jina lake limeandikwa chini, alikuwa na paji la uso la mama mzima mzima. Rosaline alilia palepale kwenye kiti, na Linet akamzimia redio.

Misikhu, watu wa kanisa walimwelekeza hadi nyumbani. Aliyemfungulia mlango ni Pauline, na Pauline alikuwa mjane wa Ngige.

"Tulimzika mwaka jana, wakati wa kupalilia," alisema akimshika mikono. "Alikuwa anasema iko siku mtakuja."

"Na kwa nini yeye hakurudi?"

"Aliogopa kufukuzwa mara ya pili, dada. Hiyo tu."

Yule msichana wa kwaya, Gathoni, akaleta chai. Nyuma yake akaingia kijana mrefu, viatu vya mpira mkononi.

"Huyu ndiye wa kwanza," Pauline alisema. "Gathii, salimia shangazi yako."

Rosaline akaweka kikombe chini. Akatoa simu, akaandika jina hilo kwenye mtambo wa kawaida kabisa, ule wa kwanza aliofundishwa. Ikatokea: Gathii Ngige, golikipa, Webuye. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya kombe la shule, ya miaka mingi iliyopita, na kando ya kijana alisimama Ngige, mkono begani mwa mwanawe, akicheka. Alikuwa hapo wakati wote ule, mzima. Rosaline alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu.

Aliwachukua wote watatu hadi Endebess. Mama, aliyekwisha kupewa habari ya msiba wa Ngige, aliutazama uso wa msichana akamwita jina lake kabla hajaambiwa. Kisha akamgeukia kijana.

"Na wewe ni nani?"

"Ni Gathii, kukhu," kijana alijibu, kama watu wa kwao Bungoma wanavyomwita bibi.

Mama akamvuta karibu.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na nne."

"Basi mzee alikuwa amesamehewa zamani," mama alisema. "Amekufa hajui."

Akatupa blanketi, akawaomba wamwinue. Rosaline akamkataza, akisema baridi itamwumiza, lakini mama alikuwa ameshashika mkono wa mjukuu wake.

"Nipeleke huko nyuma kwa kaburi," alimwambia. "Umwambie wewe mwenyewe unaitwa nani."