Kona ya Chini ya Dirisha

Baada ya mtu mmoja kuingia wodini kwa dirisha na kumpiga nesi kwa kipande cha bomba, hospitali iliamua kuziba madirisha yote ya chini kwa wavu wa chuma. Kazi alipewa fundi wa kuchomelea mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Nesi aliyepigwa alikuwa binti yake. Yule mtu alikuwa amefiwa na mkewe na alitafuta wa kumlaumu. Akamkuta binti huyu amekaa peke yake, anaandika. Mkono ulipona. Sikio la kushoto halikupona.

Wavu wenyewe ulikuwa wa matundu madogo, kidole cha mtu mzima hakipiti. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Katika wodi ya kifua kikuu ndugu hawaruhusiwi kuingia. Husimama nje, juu ya maua yaliyokwisha kukanyagwa, wakazungumza na wagonjwa wao dirishani. Kitanda cha mwisho kilikuwa cha kaka yake fundi. Wodi nzima ilimwita Meneja, kwa sababu dirisha lake aliliita ofisi, na kila mgeni alimuuliza kama ana miadi. Kila jioni fundi alipita akamshika mkono. Walikuwa wazee, wala hawakuzoea kuambiana mambo ya moyoni. Mkono ulitosha.

"Kwa hiyo unanifunga jela," Meneja alisema siku wavu ulipoletwa. "Na askari jela mwenyewe ni wewe, niliyekubeba mgongoni ukanikojolea."

Fundi alicheka. Lakini alipofika kwenye dirisha lile, kona ya chini hakuichomelea yote, aliishika kwa nukta moja tu ya moto, akaifunika kwa rangi. Meneja alipoisukuma, nukta iliachia, kona ikainuka, mkono ukapita. Fundi hakuwahi kurudishiwa kazi kwa ubovu hata mara moja, na jambo hilo alipenda lijulikane. Siku hiyo alikwenda nyumbani akijiambia kwamba ile ni nafasi ya mkono, si ya mtu.

Hakujua kwamba siku hizi binti yake, kabla ya kuanza zamu, huzunguka akivuta dirisha moja baada ya jingine. Siku chache baadaye fundi alimkuta mezani nyumbani, chakula hakijaguswa. Binti alizungumza kwanza habari za mvua, na za jirani anayejenga, kisha akasema, "Baba, dirisha la baba mkubwa linacheza."

Fundi alimweleza kuwa nafasi yenyewe ni ndogo, na kwamba mzee yule hana kingine cha kumfurahisha. Binti alisema hayo yote anayajua.

"Nimepitisha mkono wangu kutoka nje. Ukipita mkono, bomba nalo litapita, na likipita hilo, wavu wote unang'oka. Mkuu wa ulinzi sijamwambia. Nimeona nikwambie wewe."

Hakulia. Alimgeuzia sikio lililobaki, akangoja jibu. 

Kesho yake fundi alivuka barabara na mashine yake. Meneja aliona waya wa umeme unaburutwa, na mzaha ukamwishia mdomoni.

"Ni yule mtoto?"

"Ni yeye, kaka. Anaogopa."

Meneja alitoa mkono kwenye kona, wakashikana kwa muda, wapita njia wakipita. Kisha akaurudisha ndani yeye mwenyewe.

"Choma basi. Na usichome kihuni, usije ukaitwa tena."

Fundi aliichomelea kona yote, kutoka upande huu hadi huu, cheche zikidondoka kwenye udongo. Zamu ilipoanza, binti alilivuta dirisha lile kwa mikono miwili. Halikutikisika.

Siku za kwanza Meneja alikuja dirishani kama kawaida, akilalamika kwamba wavu unamkatakata mdogo wake vipande vipande. Baadaye akawa anajibu kutoka kitandani. Jioni moja hakugeuka kabisa.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Nikikutazama kwenye hizo waya macho yananiuma."

Fundi alibaki pale, kiganja kimebanwa kwenye chuma, mpaka binti yake akatoka kwa mlango wa mbele na kumwambia taratibu kwamba baba mkubwa amelala. Wote wawili walikuwa wakimsikia akikohoa.