Gia ya Tatu Kwenye Ukuta wa Makaburi

Kama una kijana huku milimani juu ya Modena, naye amenunua gari la mbio, soma hapa kabla hajaliwasha.

Barabara ya kushuka kutoka kwetu Castelbruno ina kona zenye majina ya gia za kuzipitia. Iko Kona ya Pili, iko Kona ya Nne, na mbaya kuliko zote ni Kona ya Tatu, penye ukuta wa makaburi. Majina hayo waliyaacha madereva wa mashindano ya zamani, walioendesha magari ya gia tano za mkono. Watoto wetu wanayajua kabla hawajajua kusoma. Na anayekaa kando ya dereva lazima aite: "Pili! Nne! Tatu!" Asiyeita anaambiwa amelala.

Mwanangu Devis alinunua gari jekundu la otomatiki, gia nane. Linachagua gia lenyewe, lakini nyuma ya usukani kuna vibao viwili vya kuvuta kwa kidole, ukitaka kujichagulia. Alilileta Jumapili, supu ya tortelini iko mezani, na shemeji yangu Vainer amekaa. Vainer alishindana enzi zake, na mpaka leo hataki gari lisilo na klachi.

"Nane za nini, mwanangu? Unaendesha au unapiga kinanda?"

"Wivu huo, ba mdogo. Wewe ukibadilisha gia moja, mtu anamaliza kahawa."

"Na kahawa haimwagiki!"

Tukacheka. Vainer akavuta mkate.

"Tazama. Huu ndio mwendo wote wa gari, toka kusimama mpaka mwisho. Mimi naukata vipande vitano, wewe vinane. Tatu yangu inafika mia na thelathini. Yako?"

"Tisini na tano hivi, injini imeshaanza kulia."

"Basi tatu yako ni pili yangu!"

"Ndiyo maana linachomoka. Vipande vifupi, injini haipati nafasi ya kulala."

Waliyasema wenyewe, kwa midomo yao, mbele yangu. Ndiyo maana sipati usingizi.

Mvua ilikuwa imenyesha, majani yamelala barabarani.

"Ngojeni pakauke," nikasema.

"Mama, gari hili lina akili kuliko mimi."

"Hilo si la kujisifia," Vainer akamjibu, wakatoka wanasukumana.

Nilikuwa nje nakung'uta kitambaa cha meza. Sauti za bondeni zinapanda vizuri kwetu. Nikasikia wamepita Kona ya Pili, wamepita ya Nne, gari linanguruma chini chini, limetulia. Mara injini ikapiga ukelele mwembamba ambao sijawahi kuusikia pale, na nimeolewa hapa miaka mingi. Kisha matairi. Kisha ukuta.

Vainer alinisimulia hospitalini, mkono umening'inizwa shingoni.

"Tulikuwa kwenye tisini, shemeji. Gari limejichagulia gia ya tano, halina wasiwasi. Mimi nikaita, 'Tatu!' Nimeita hivyo maisha yangu yote. Na yeye akavuta kibao cha kushusha gia mara mbili, hakufikiri."

Injini iliyabana magurudumu ya nyuma ghafla, kama mtu aliyedakwa miguu. Juu ya majani yale, nyuma ikatangulia mbele.

Devis amevunjika nyonga na paja. Yu hai. Nilidhani nitamkuta ameogopa.

"Mama, nimejifunza."

"Umejifunza nini, mwanangu?"

"Otomatiki hazifai."

"Hapo umesema," Vainer akadakia.

"Na lile jina la kona je? Na huko kuita?"

"Jina lina kosa gani, shemeji? Tatu ni tatu."

Nikawakumbusha ule mkate, kwamba tatu ya mmoja ni pili ya mwingine. Wakatazamana kama nimeanza kuhubiri.

"Mama, nenda ukapumzike," Devis akasema. "Umechoka."

Kwa hiyo nawaambia nyinyi, labda nyinyi mtasikilizwa. Mwambieni kijana wenu aende kwa mwendo wa kona, asiende kwa jina lake. Mwambieni anayekaa kando anyamaze.

Daktari anasema baridi ikiisha Devis ataweza kukanyaga klachi. Gari jingine ameshalichagua kwenye simu, pale pale kitandani, na Vainer ameahidi kukaa kando yake siku ya kwanza, amwitie kona. Ni la mkono kweli. Lina gia sita.