Bolti ya Saba

Tangu apatwe na kiharusi, fundi hakuwa amefungua injini hata moja. Mkono wake wa kulia ulimtii kwa kusuasua, hata kikombe cha chai ulikimwaga. Miezi minane gereji ilikaa kimya, kuku wa jirani wakitaga ndani ya matairi.

Asubuhi moja dereva wa zahanati akafika na gari la wagonjwa likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limechemka njiani, gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ya kuziba chini ya kifuniko cha injini, ikaungua.

"Wajawazito tunawabeba kwa pikipiki, fundi. Tusaidie."

"Mkono sina, ndugu yangu."

"Mimi ninayo miwili," mkewe akadakia kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Fundi akacheka, kisha akaona mkewe hacheki.

Kazi ikaanza. Yeye alikaa kwenye kigoda akielekeza, mkewe akifungua. Hedi ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikaja. Kazi moja tu fundi aliing'ang'ania, kwa kuwa mkono wa kushoto uliiweza: kupuliza na kukausha matundu ya bolti.

Siku ya tatu zikabaki bolti kumi za kufungia hedi. Mkewe alizisugua kwa brashi mpaka hesi, zile nyuzi zinazoizunguka bolti, zikang'aa.

"Sasa paka oili kwenye hesi na chini ya kichwa," fundi akasema. "Kidogo, mama watoto! Unapaka, hukaangi. Bolti kavu ni mwongo: inasuguana tu, nawe unadhani imekaza."

Akamwonyesha mpangilio: unaanza katikati, unatoka nje kwa kupishanisha, mizunguko mitatu, kila mzunguko spana ya kipimo ikiongezwa nguvu. Ikifika kiwango, inalia "tak."

Sita za kwanza zililia vizuri. Ya saba ikalia mapema.

"Hii ina neno."

"Si imelia? Endelea."

"Imelia, lakini washa yake, hii pete ya chini ya kichwa, bado inacheza. Tazama, naizungusha kwa kidole."

"Nimefunga hedi kabla hujajua spana ni nini!"

Mkewe akaiweka spana chini, polepole. "Na mimi nimekaza uzi miaka kumi na tisa. Kitu kilichokaza nakijua, na kilichogoma nakijua."

Fundi akanyanyuka kwa taabu, akaigusa ile washa kwa kushoto. Ikazunguka.

"Fungua."

Bolti ikatoka ikichuruzika. Ndani kabisa ya tundu mlikuwa na oili na maji yaliyokosa pa kwenda, yakaizuia bolti kushuka. Mzunguko mmoja zaidi wa nguvu na bloku, mwili wenyewe wa injini, ingepasuka, gari likawa chuma chakavu.

"Tundu hili nililikausha mimi," fundi akasema.

Mkewe alikuwa na mengi ya kusema. Akampa kitambaa. "Likaushe tena. Mkono uleule."

Akalikausha mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Wakazitoa zile sita, fundi akayakagua matundu yote, wakaanza upya. Safari hii bolti kumi zililia kila moja kwa zamu yake.

Alasiri injini ikawaka. Iliunguruma saa nzima, mshale wa joto ukatulia katikati. Dereva akawapa mikono wote wawili, akaondoka akipiga honi kama bwana harusi.

Fundi akabaki anafuta spana, kwa mkono wa kulia, taratibu.

"Yule mwenye mashine ya kusaga ananisumbua tangu mwaka jana nimtengenezee injini yake," akasema. "Jumanne una nafasi?"

"Jumanne nina sare za shule za kushona."

"Jumatano?"

Mkewe akapiga hesabu kwa vidole vilivyojaa grisi. "Jumatano sawa. Ila uje na kigoda kingine. Na mimi nachoka kusimama."