Jina Lililofika Benchi la Nyuma

Wenzake kazini walimwita Baragumu, na hawakumwonea. Kipaza sauti cha hospitali kilikufa zamani, na tangu siku hiyo yeye, karani wa mapokezi, akawa ndiye kipaza sauti. Alichukua kadi ya juu kwenye rundo, akaegemea dirisha, akaita jina, nalo likavuka mabenchi tisa mpaka kwa mgonjwa aliyesinzia ukutani. Asiyeitwa hamwoni daktari. Kwa kila aliyekuja dirishani kulalamika alikuwa na jibu moja: "Kaa, utaitwa."

Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya pili. Mtoto wa kwanza aliishi siku mbili, akazikwa kabla hajapewa jina, na mpaka leo akimtaja husema "yule". Neno hilo lilimkata maini. Akaapa kwamba huyu atazaliwa akute jina linamsubiri, tena jina lililopimwa likapimika, si la kuokoteza.

Nyumbani walikuwa na vipimo vyao. Mumewe, fundi wa kuchomelea, aliandika kila jina kwa chaki kwenye geti la mteja, akarudi nyuma hatua tano, akalitazama kama anayenunua ng'ombe. Wifi yake alikuwa mkali zaidi. Alisimama uani akamkaripia kwa jina hilo mtoto ambaye hata hajazaliwa, amtoe kwenye matope, amnyang'anye kisu, amwite aje kula.

"Jina lisilokaripika halifai, wifi," alisema. "Utabaki unalimung'unya, mtoto anaungua jikoni."

Walicheka, lakini Baragumu alijua kipimo cha kweli kiko dirishani kwake. Akaanza kuchomeka majina katikati ya foleni, moja kwa siku, bila kumwambia mtu. Jina la kwanza ukumbi mzima uliangua kicheko, hata mwenye mguu uliovunjika akasahau maumivu. La pili wakasimama wanawake wanne na mzee mmoja. Yote mawili akayafuta.

Jumatatu droo ya meza yake ikagoma kufunguka. Seremala alipoing'oa, nyuma yake, kati ya vumbi na vifuniko vya kalamu, kulikuwa na kadi moja ya mgonjwa iliyojikunja. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa kadi zote ziliandikwa na mkono wake. Kilichomshika ni jina. Hakukumbuka kulisikia kwa mtu yeyote. Hapa silitaji, maana lina wenyewe. Alilitamka polepole, likamkaa vizuri mdomoni, akaitia kadi mfukoni. Tarehe hakuitazama. Furaha ilimpofusha, na kwa hilo simlaumu; la kumlaumia lipo.

Kesho yake asubuhi, ukumbi ulipojaa, akavuta pumzi akaliita.

Hakuna aliyecheka, wala aliyenong'ona. Jina lilinyooka mpaka ukutani. Baragumu akashika tumbo, akajiambia kwamba amepata, atakwenda kumwambia mumewe leo hii aache kuchafua mageti ya watu.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama kwenye benchi la nyuma. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na alitembea polepole, kama anayepita kwenye sakafu yenye maji. Alifika dirishani akashika nondo.

"Dada, umemwita nani?"

"Samahani, mama. Nimekosea."

"Hujakosea. Hilo ni jina la mwanangu. Babu yake alilitunga mwenyewe, hakuna mwingine mwenye nalo." Sauti yake haikupanda. "Nilimleta hapa mwaka juzi, ana homa. Nilikuja hapa dirishani mara tatu. Mara zote tatu uliniambia nikae, nitaitwa. Saa nne akakata roho mapajani mwangu. Walipoitafuta kadi haikuonekana, wakasema sikumwandikisha. Wakasema nimemleta ameshakwisha."

Baragumu aliitoa kadi mfukoni, akaitazama tarehe kwa mara ya kwanza. Mwaka juzi. Saa ya kufika: saa moja na dakika kumi asubuhi. Alijaribu kumkumbuka mwanamke huyu akashindwa, na kushindwa huko kulimtisha kuliko tarehe yenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Huu aliuangusha kwa mkono wake, na kishindo hakukisikia.

Angeweza kuirudisha mfukoni. Nani angejua? Kibarua kikiota nyasi, mtoto huyu tumboni atakula geti la baba yake? Aliwaza hayo, sitamficha. Kisha akamkumbuka yule, aliyezikwa bila jina, akaipitisha kadi kati ya nondo.

"Ilianguka nyuma ya droo," alisema. "Nimeipata jana. Mimi ndiye niliyeiandika, na mimi ndiye niliyeiangusha. Leo nilikuwa nalijaribu hilo jina, nimpe mwanangu."

Mwanamke alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye saa, akabaki hapo. Baragumu alisubiri kutukanwa. Angeona nafuu.

"Ita tena," mwanamke alisema, akiirudisha kadi.

"Mama, nakuomba."

"Ita tena, na saa uisome. Mama mkwe wangu yuko kule nyuma, yule mwenye kilemba cha kijani. Tangu siku ile hajala chakula kilichopikwa na mkono wangu. Leo kanisindikiza ahakikishe nimemwandikisha huyu."

Baragumu akasimama. Aliliita jina, akasoma umri, akasoma tarehe.

"Alifika saa moja na dakika kumi asubuhi," alisoma. "Aliandikishwa na mama yake. Hakuitwa. Kosa si la mama yake. Ni langu mimi."

Lilifika. Kule nyuma mwenye kilemba cha kijani aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na mabega yakaanza kumtikisika. Waliokaa naye hawakujua wamshike au wamwache.

Mwanamke akaichukua kadi, akaikunja mara mbili, akaiweka kifuani. Mtoto mgongoni akakohoa.

"Na huyu anachemka tangu jana," alisema. "Kadi yake unayo?"

Baragumu alipekua rundo, akaipata.

"Ninayo, mama. Hii hapa."

"Ishike vizuri. Nakwenda kukaa. Utaniita."

Akarudi benchi la nyuma, akakaa, na macho yake hayakutoka dirishani.